Zana za Jadi za Japani: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Dhana: Uchumi wa kisasa uliwapora wanakijiji zana zao.

Wengi walizitupa wenyewe, tena kwa furaha. Mwaka 1960 serikali ya waziri mkuu Ikeda Hayato ilitangaza mpango wa kuongeza maradufu pato la taifa ndani ya miaka 10, na uchumi ukawa unakua kwa takriban asilimia 10 kila mwaka. Pawatila ziliingia mashambani, ng'ombe wa kulimia wakauzwa, mashine za kufulia zikaingia majumbani. Mama aliyefua kwa mikono kwenye maji ya baridi kali angelilia ubao wake wa kufulia kwa lipi? Wanaoulilia kwa niaba yake, nadhani, hawajawahi kuutumia.

Dhana: Zana hizo zilikuwa zilezile tangu enzi za mababu.

Tazama senbakoki, chanuo kubwa la kupuria mpunga: unapitisha masuke katikati ya meno yake na kuyavuta, punje zinabaki upande wa pili. Lilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 17, nalo lilikuja na balaa lake. Kabla yake mpunga ulipurwa kwa vijiti viwili vya mianzi, kazi ya polepole iliyowapa wajane kibarua. Chanuo likakimaliza, watu wakalibandika jina la "mwangusha wajane". Baadaye mafundi wa Kurayoshi, mkoani Tottori, walitengeneza machanuo ya chuma yaliyouzwa mbali na kwao. Kwa hiyo "zana ya kijiji chetu" mara nyingi ilikuwa bidhaa ya dukani, kisha nayo ikaja kung'olewa na mashine ya kupura ya kukanyaga kwa mguu.

Dhana: Waliozikusanya ili zihifadhiwe walikuwa wapinga maendeleo.

Mkusanyaji mkuu alikuwa mtu wa benki. Shibusawa Keizo, mjukuu wa tajiri Shibusawa Eiichi, alikuwa gavana wa Benki Kuu ya Japani, na baada ya Vita Kuu ya Pili akawa waziri wa fedha. Mkusanyo wake, ulioanzia darini nyumbani kwake Tokyo, sasa uko katika Makumbusho ya Taifa ya Etnolojia, Osaka, yaliyofunguliwa mwaka 1977.

Dhana: Ni kazi za sanaa.

Hapo watu humchanganya Shibusawa na Yanagi Soetsu, mpenzi wa sanaa za watu wa kawaida, aliyefungua jumba lake la makumbusho Tokyo mwaka 1936 na kuchagua vyombo kwa uzuri wake. Shibusawa alitaka hata kandambili za majani ya mpunga.

Dhana: Kila kijiji kilijua tangu zamani kwamba zana zake ndizo utambulisho wake.

Kisiwani Sado, watu wa Ogi walikuwa na mitumbwi ya duara kama beseni, ya kuokotea mwani na konokono wa baharini penye miamba. Kwao ilikuwa chombo cha kazi basi. Mtafiti Miyamoto Tsuneichi aliwahimiza wakusanye vitu vyao, na mwaka 1972 makumbusho yakafunguliwa katika shule kuukuu ya msingi. Leo mitumbwi hiyo hubeba watalii.

Dhana: Kikishaingia makumbusho, kimepona.

Maghala yamejaa. Mwaka 2024 makumbusho ya jadi ya mkoa wa Nara yalifungwa, na kauli ya gavana kwamba baadhi ya vitu vingeweza kutupwa ikazua mabishano makali. Mji wa Hokuei, Tottori, uliwahi mapema: mwaka 2018 uliandaa maonyesho ya kuagana na vitu vya makumbusho yake, wageni wakapigia kura vitu vya kubakizwa, na vingi kati ya vilivyosalia wakapewa waliovitaka.