Huduma Ikikataa Kuwaka Tena kwenye Seva ya Linux

Wasimamizi wengi wa seva katika ofisi na shule za Nairobi hukutana na tatizo hili stima ikirudi, au mara tu baada ya kugusa faili ya mipangilio. Amri ya `systemctl restart nginx` inaandikwa ili kuwasha upya nginx, programu inayohudumia tovuti, na tovuti iliyokuwa hewani inatoweka.

Amri hiyo huzima kwanza, ndipo iwashe. Faili ikiwa na kosa, programu iliyokuwa ikifanya kazi kwa mipangilio ya zamani imeshazimwa na mpya haiwezi kuanza. Basi kagua kabla ya kuzima: `nginx -t` kwa nginx, `apachectl configtest` kwa Apache (programu nyingine ya tovuti), au `sshd -t` kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali). Kwa SSH, usifunge kikao ulichomo kabla ya kufungua kingine.

Ikishagoma, tafadhali usirudierudie amri. Kwa kawaida, huduma ikijaribu kuanza zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 10, systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) huikatalia, na ujumbe wa katazo hilo hufunika chanzo chenyewe. Soma `systemctl status nginx`, kisha `journalctl -u nginx -b`, ukitafuta kosa la kwanza, si la mwisho.

Namba za makosa zilizomo kwenye majibu ya amri hizo zinasema mengi. 203/EXEC: programu haipo, haina ruhusa ya kutekelezwa, au skripti iliandikwa kwenye Windows na miisho ya mistari yake haisomeki. 217/USER: mtumiaji aliyetajwa hayupo. 200/CHDIR: folda ya kazi haipo. Ukiona “Address already in use”, `sudo ss -ltnp` itakuonyesha programu iliyoikalia poti (mlango wa mtandao) ambayo huduma yako inaitaka. Kwenye poti 80, mara nyingi ni Apache.

Diski nayo husahaulika. Endesha `df -h`, halafu `df -i`, kwa sababu nafasi inaweza kuwepo ilhali vijifaili vingi vimemaliza idadi ya faili zinazoruhusiwa. Punguza kumbukumbu za mfumo kwa `sudo journalctl --vacuum-size=200M`. Faili zilizo ndani ya `/var/lib/mysql` usizifute hata ukibanwa vipi: hizo ndizo data zenyewe za hifadhidata ya MySQL.

Ukiwa umehariri faili ya huduma, anza na `sudo systemctl daemon-reload` ili systemd iisome upya. Halafu `sudo systemctl reset-failed nginx` kufuta alama ya kushindwa, na `sudo systemctl start nginx` kuiwasha. Neno “active” pekee halitoshi. Fungua tovuti kutoka kompyuta nyingine uone kama inajibu.