Fedha zenye masharti: jinsi ya kusoma hesabu za shirika dogo la mazingira

Fedha zenye masharti ni hela ambayo mfadhili ameitoa kwa kazi aliyoitaja mwenyewe: miche, mizinga ya nyuki, mishahara ya walinzi wa msitu. Inakaa kwenye akaunti ya shirika, lakini bodi haiwezi kuihamishia kwenye kodi ya ofisi bila kibali cha maandishi cha aliyeitoa. Ada za wanachama, michango ya jumla na mauzo ya miche ni fedha zisizo na masharti, na hizo bodi huzipangia yenyewe. Anayetaka kulijua shirika aanzie hapa.

Chukulia NGO ya Morogoro inayopanda miti kwenye vyanzo vya maji. Tarehe 31 Desemba benki kuna shilingi 48,000,000. Kati ya hizo, 39,000,000 ni za mradi na hazijatumika. PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo haijapelekwa ni 3,000,000. Inabaki 6,000,000, na gharama za lazima kila mwezi ni 3,000,000. Shirika hili lina akiba ya miezi miwili tu. Wengi hulenga mitatu hadi sita. Mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya shirika, inaweza kuonyesha picha nono zaidi kwa sababu ya pikapu na pikipiki mbili, basi toa thamani ya mali za kudumu kabla hujahesabu akiba. Pikapu hailipi mshahara.

Mambo huharibika zaidi msimu wa mvua. Masika yanaanza Machi na awamu ya pili ya fedha za mfadhili haijaingia. Miche haisubiri: ikikaa mno kitaluni, mizizi hutoboa viriba na kuzama ardhini, na ukiing'oa inakatika. Mratibu anachota hela ya mradi wa mizinga kulipa vibarua, akitarajia kuirudisha. Awamu ikichelewa tena, mradi wa mizinga nao unadai. Mara nyingi hapo hakuna mwizi. Kuna wafadhili wanaolipia miche na kukataa kulipia mhasibu, halafu wanashangaa shirika halina akiba. Hata hivyo, kukopa mfuko mmoja kulipia mwingine bila azimio la bodi ni kosa.

Kulibaini si kazi ngumu. Omba jedwali la mifuko: salio la mwanzo, mapokezi, matumizi na salio la mwisho kwa kila mfadhili. Jumlisha masalio ya fedha zenye masharti, kisha linganisha na benki pamoja na fedha taslimu kwa tarehe hiyohiyo. Jumla ikizidi, kuna hela ya mtu imeshaliwa mahali pengine. Shirika likishindwa kabisa kutoa jedwali hilo, hilo nalo ni jibu.

Kisha soma mihtasari ya vikao vya bodi ya mwaka mzima. Tafuta mahali ambapo mjumbe aliuliza swali la fedha na jibu likaandikwa. Muhtasari unaosema tu "taarifa ya fedha ilipokelewa" mwaka mzima unaonyesha bodi ya kupiga mihuri. Angalia pia kama waweka saini benki ni ndugu, na kama kitabu cha hundi kina kurasa zilizosainiwa tupu kwa sababu mwenyekiti yuko safarini. Kwenye daftari la masurufu, yaani fedha anazotangulizwa mfanyakazi kwa kazi kisha azitolee hesabu, angalia nani amepewa mapya kabla ya kurejesha ya zamani.

Malipo ya vibarua yanastahili muda wako, maana huko risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, hazipatikani. Ushahidi ni karatasi ya majina na saini. Saini arobaini za mkono mmoja, kwa kalamu moja, zitakusimamisha. Pima na shamba lenyewe: kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja huchukua miche 1,111 hivi. Anayedai kupanda 10,000 akuonyeshe hekta tisa.

Tanzania, chini ya Sheria ya NGO Na. 24 ya 2002 na marekebisho yake, taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa hupelekwa kwa Msajili, na mkaguzi awe amesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Usiishie kwenye hati safi, yaani maoni ya mkaguzi kwamba hesabu ziko sawa. Omba barua ambayo mkaguzi huwaandikia menejimenti kuhusu kasoro alizoziona, ya mwaka huu na ya mwaka uliopita, uzisome sambamba. Hoja iliyojirudia neno kwa neno ndiyo ya kumuuliza mwenyekiti, si mhasibu.