Utetezi wa bajeti ya misitu: maana yake na unavyofanyika

Ukitaja kutetea misitu, wengi wetu Dar es Salaam tunawaza siku ya kupanda miti: miche kwenye viriba, fulana mpya, mgeni rasmi na picha. Utetezi wa bajeti ni kazi tofauti, na kusema kweli haina picha nzuri. Ni juhudi za wananchi, asasi, wataalamu au wanahabari kuishawishi serikali itenge fedha za kuhifadhi ardhi na misitu, izitoe kwa wakati, na zitumike kwa kazi iliyoandikwa. Watu wa asasi huuita pia uchechemuzi.

Fedha hizo hulipa vitu visivyosisimua: vigingi vya mpaka, mafuta ya gari la doria, njia za kuzuia moto, posho ya wapimaji. Vikikosekana, msitu huliwa kidogo kidogo. Msitu wa Kazimzumbwi, pale Kisarawe, ni hifadhi tangu enzi za ukoloni, lakini umepitia miaka mingi ya uvamizi na migogoro ya mipaka.

Mkazi wa Kimara au Tabata yanamhusu nini? Sehemu kubwa ya maji ya bomba jijini hutoka Mto Ruvu, unaopata maji yake mengi kutoka milima ya Uluguru, Morogoro. Mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu lita milioni 196. Mwishoni mwa 2022 mto ulipopungua, jiji liliingia kwenye mgawo na madumu yakapanga foleni. Chanzo kilikuwa ukame, na msitu hauamrishi mvua. Ila mlima wenye miti huyaachia maji polepole, na mlima uliofyekwa huyamwaga kwa mkupuo pamoja na udongo wake. Mto Msimbazi nao huanzia upande wa vilima vya Pugu. Mvua kubwa ikinyesha, Jangwani, bondeni mwa mto huo, hujaa maji na Barabara ya Morogoro hufungwa.

Sasa kwenye bajeti yenyewe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini maamuzi huanza mapema. Mpango na mwongozo wa bajeti hujadiliwa bungeni mwishoni mwa mwaka wa kalenda, halmashauri huandaa makadirio yao miezi inayofuata, kamati za Bunge huyapitia, na wizara huanza kusoma hotuba zao Aprili. Anayefunga safari kwenda Dodoma mwezi Juni kuomba kasma mpya, yaani kifungu kipya cha matumizi, anakuta jahazi limeshang'oa nanga.

Mtetezi makini husoma vitabu vya makadirio. Chukua Juzuu la Nne, la miradi ya maendeleo, utafute Fungu 69, yaani Wizara ya Maliasili na Utalii. Kila mradi una namba, jina, na tarakimu za fedha za ndani na za nje. Mradi wa hifadhi wenye tarakimu upande wa nje tu unaishi kwa hisani ya mfadhili. Siku akiondoka, doria nazo husimama. Hapo ndipo hoja ya kudai fedha za ndani huzaliwa, na ina nguvu kuliko bango lolote.

Wizara inapofika Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima likikaa kama kamati kupitisha makadirio, mbunge ana silaha ndogo yenye jina kubwa: kushika shilingi. Anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara wa waziri mpaka apate maelezo ya kumridhisha. Shilingi hiyo haimfilisi mtu, lakini humlazimu waziri kusimama na kujibu. Kazi ya mtetezi ni kuhakikisha mbunge huyo ana swali lenye takwimu, wiki kadhaa kabla.

Na hoja ivae lugha ya Hazina. Kwa maoni yangu, asasi nyingi hukwama hapa: zinamweleza afisa mwenye maombi ya zahanati na barabara mezani habari za ndege adimu wa Uluguru. Afisa huyo mwonyeshe gharama ya kusafisha maji yenye tope na ya kukarabati barabara baada ya kila mafuriko.

Wizara moja haitoshi. Tanzania Bara ina takriban hekta milioni 48 za misitu na mapori, na karibu nusu iko kwenye ardhi za vijiji. Hatima yake inategemea mpango wa matumizi bora ya ardhi: wapi walime, wapi walishe, wapi pabaki msitu. Kuandaa mpango huo kunahitaji wataalamu, usafiri na mikutano, kwa hiyo bajeti ya halmashauri ya wilaya inastahili kufuatiliwa kama ile ya Dodoma. Wakazi wa Dar, walaji wakubwa wa mkaa unaotoka vijiji hivyo, ni nadra kusikika kwenye mjadala huo.

Kisha kuna pengo kati ya fedha zilizoidhinishwa na zilizotolewa. Bunge likipitisha tarakimu, akaunti ya mradi bado inaweza kukaa robo mwaka nzima bila kuingiziwa kitu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinazofikishwa bungeni kila Aprili, husaidia kuona pengo hilo, ingawa zinakuja mwaka ukiwa umeshapita. Asiyetaka kusubiri hutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Barua yake hutaja mradi, mwaka wa fedha na robo anayoulizia, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30.