Breki ngumu si breki nzima: injini ikizima, mguu wako unabaki peke yake

Gari likikutwa na pedeli ngumu, utetezi wa dereva ni uleule: "Afande, breki zinashika, ni ngumu kidogo tu." Sisi wakaguzi wa magari hapa Mbeya tumeusikia Uyole, tumeusikia Mbalizi, na kadiri ukaguzi unavyoendelea malalamiko ya magari kuzuiwa kwa sababu hiyo yamekuwa mengi. Tunaamini wengi hawana nia mbaya. Ndiyo maana tumeona tueleze.

Mguu wa mtu hautoshi kusimamisha haraka gari la tani moja na nusu. Kati ya pedeli na silinda kuu ya breki kuna busta, lile dude la duara lililofungwa mbele ya dereva ndani ya boneti. Ndani yake mna kiwambo cha mpira. Injini ya petroli inapovuta hewa hunyonya pia hewa ya upande mmoja wa kiwambo kupitia hosi. Ya dizeli huwa na pampu yake, ambayo kwenye magari mengi hukaa nyuma ya alteneta. Ukikanyaga, hewa ya nje huingia upande wa pili na kukisukuma kiwambo pamoja na mguu wako. Injini ikizima, kunyonya kunakoma. Vali ya njia moja hutunza akiba ya kukanyaga mara mbili tatu. Ikiisha, mafuta ya breki bado yanasukumwa na magurudumu bado yanabanwa, lakini kwa nguvu ya mguu tu, na pedeli inakuwa ngumu.

Nguvu hiyo ni ndogo kiasi gani? Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H, ya breki za magari madogo, hupima kwa mkanyago usiozidi nyutoni 500, karibu sawa na uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50. Kwa mkanyago huo, gari lenye breki nzima linatakiwa kupunguza mwendo kwa angalau mita 6.43 kwa sekunde katika kila sekunde. Msaada wa busta ukipotea, kiwango cha chini ni 2.44. Ukipiga hesabu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, la kwanza linasimama ndani ya mita 40 hivi na la pili linahitaji mita 100 hivi, tena kwenye barabara tambarare. Kitonga, ule mteremko wa barabara ya Iringa, si tambarare.

Na huku kwetu kuna jambo ambalo dereva wa pwani halijui. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar es Salaam. Busta inategemea mgandamizo huo huo. Hosi yenye ufa mdogo ambao kule chini hukuuhisi, hapa Mlima Nyoka utauhisi.

Sasa hili la kuzima swichi na kushuka fri, yaani gia ikiwa huru, ili kubana mafuta. Tumelisema kwenye semina, tumelisema redioni, na bado kuna mtu mzima mwenye leseni daraja C analitetea kama ujuzi. Gari linalopuliza mafuta kwa kompyuta, na hapo yamo karibu magari yote madogo yanayotoka Japani siku hizi, hukata mafuta lenyewe ukitoa mguu kwenye ekseleta wakati gia imeingia na injini inazunguka vya kutosha. Unachobana kwa kuzima ni karibu na bure. Unachopoteza ni busta, wepesi wa usukani na ukinzani wa injini uliokuwa unalishika gari. Ukiuchomoa ufunguo, usukani nao unaweza kujifunga.

Injini ikikuzimikia mteremkoni bila kupenda, usipampu pedeli. Kila ukiachia unakula akiba. Kanyaga mara moja, kwa nguvu, kwa miguu miwili ikibidi, na ushikilie hapo hapo. Kama ni gari la gia za kawaida, iache gia ndani na usikanyage klachi: magurudumu yakiendelea kuizungusha injini, hata bila mafuta inaendelea kunyonya hewa. Hendibreki ivute taratibu, kitufe ukiwa umekibonyeza, ili usifunge magurudumu ya nyuma ghafla. Washa taa za hazadi. Ufunguo usiuguse mpaka gari lisimame.

Malori na mabasi ya breki za upepo ni habari nyingine. Injini ikizima, kompresa haijazi tena mitungi, na kila mkanyago unapunguza upepo uliopo. Upepo ukishuka sana, springi zilizo ndani ya chemba za breki hubana magurudumu zenyewe. Huo ni ulinzi. Anayekaza boliti za chemba ili gari litembee bila upepo ameuondoa kwa mkono wake, na hapo hatuna mjadala naye.

Kipimo cha nyumbani hakihitaji fundi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Mguu ukiwa bado umekandamiza, washa injini. Pedeli inatakiwa izame kidogo. Isipozama, au ukisikia mvumo wa hewa karibu na miguu yako, usianze safari. Anza kukagua hosi, vali na busta yenyewe.

Kuhusu utaratibu, tuelewane vizuri. Mkaguzi akiona kasoro ya breki huijaza kwenye fomu ya ukaguzi, na gari haliendelei na safari. Faini ya taarifa ya kosa ni shilingi 30,000 kwa kosa, nayo hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Usimpe mtu yeyote fedha mkononi, awe amevaa sare au hajavaa. Usiporidhika, una haki ya kwenda mahakamani. Kulipa faini hakuruhusu gari: litengenezwe, lirudi, likaguliwe upya. Maelezo haya hayachukui nafasi ya kitabu cha mtengenezaji wa gari lako.

Gari lililozuiwa kwa breki halivutwi kwa kamba. Wengi hukasirikia hapa, maana karakana iko mita chache tu. Lakini linalovutwa limezimwa, busta imekwisha, na kamba haizuii gari la nyuma kulivamia la mbele. Tafuta gari la kubebea, au mwite fundi aje na vifaa alitengeneze hapo lilipo.