Barabara ya Bustani Hupotea Kwanza Kwenye Karatasi

Mtu akisikia kwamba barabara ya bustani iko hatarini, hufikiria tingatinga na misumeno. Kwetu tunaokagua ramani za miji, hatari huonekana mapema zaidi, pale neno moja linapobadilika kwenye jalada. Ukanda wenye miti uliokuwa umeandikwa "eneo la wazi" unaanza kuitwa "hifadhi ya barabara", kisha "ardhi ya ziada". Ardhi ikishaitwa ya ziada, mnunuzi hayuko mbali.

Barabara ya bustani ni bustani ndefu ambayo ndani yake imepitishwa njia ya magari. Wabunifu wa bustani Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walioipa dhana hii umbo na jina huko Marekani katika miaka ya 1860, walitaka mtu aweze kutoka bustani moja hadi nyingine akiwa bado kivulini. Eastern Parkway ya Brooklyn, katika jiji la New York, iliyojengwa kati ya 1870 na 1874, ina njia kuu katikati. Kila upande kuna ukanda mpana wa miti na njia ya waenda kwa miguu, halafu barabara ndogo inayohudumia nyumba. Upana huo wote ulibuniwa kama kitu kimoja.

Ndiyo maana kuumega ukanda huo kidogo kidogo kunadhuru kuliko inavyoonekana. Mizizi ya mti mkubwa husambaa mbali kupita matawi yake, na mingi yake iko kwenye tabaka la juu la udongo. Udongo huo ukishindiliwa ili kupata maegesho ya magari, hewa na maji havipenyi tena. Mti haufi siku hiyo. Huanza kukauka kileleni baada ya miaka kadhaa, mkandarasi ameshaondoka, na anayeandika ripoti anaandika kwamba mti ulikuwa mzee. Nalisisitiza hili kwa sababu mti mgonjwa ndio hoja itakayotumika baadaye kudai kwamba ukanda umepoteza thamani, kwa hiyo uuzwe.

Shinikizo lingine hutoka kwa wajenzi wa barabara. Barabara ya bustani inawavutia: ni pana, imenyooka, haina majengo, na kwa kuwa ni mali ya umma hakuna haja ya kununua ardhi hiyo kwa mtu binafsi. Mji wa Buffalo, katika jimbo la New York, ulilipia hesabu hiyo. Humboldt Parkway, kazi ya Olmsted yenye upana wa takriban mita 60 na safu za miti zilizounganisha bustani mbili, ilichimbwa kupisha barabara ya mwendo kasi ya Kensington, ambayo ujenzi wake uliendelea katika miaka ya 1960. Mtaa uliokuwa na wakazi wengi Weusi ulipasuliwa katikati. Miongo kadhaa baadaye, jimbo la New York liliandaa mpango wa kufunika kipande cha barabara hiyo, zaidi kidogo ya kilomita moja, kwa gharama inayofikia karibu dola bilioni 1, na mpango huo nao ukaingia mahakamani. Kivuli kilichokatwa kwa sababu ardhi ilionekana ya bure hakirudi kwa bei ya bure.

Brooklyn nako kuna somo. Mwanzo wa Ocean Parkway, barabara nyingine ya bustani, upande wa kaskazini, ulimezwa na barabara ya mwendo kasi katika miaka ya 1950. Sehemu iliyosalia ilitangazwa kuwa mandhari ya kihistoria inayolindwa mwaka 1975, na Eastern Parkway ikafuata 1978. Kipande kilichopotea kilipotea kabla ya tangazo.

Ulinzi wa maana ni ule unaomnyima afisa mmoja, au hata baraza zima la mji, uwezo wa kuuza peke yao. Huko New York, ardhi ya bustani huhesabiwa kuwa amana ya umma: mji hauwezi kuiuza wala kuibadilishia matumizi bila idhini ya Bunge la jimbo, na msingi huo ulikwishatamkwa na mahakama mwaka 1871. Katiba ya Massachusetts, kwa marekebisho ya mwaka 1972, inadai theluthi mbili ya kura katika kila chumba cha Bunge. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilikwenda mbali zaidi katika kesi ya uwanja wa michezo wa Westfield, ambako mji ulitaka kujenga shule. Ilisema kwamba hata bila sharti kuandikwa kwenye hati, ardhi inaweza kulindwa iwapo mji uliitenga waziwazi iwe bustani na wananchi wakaikubali kwa kuitumia.

Hapo pana jambo la kushika, ingawa sheria hutofautiana kila nchi. Picha za zamani, kumbukumbu za vikao, barua ya ufadhili wa kupanda miti, ramani ya kwanza ya upimaji: vyote ni ushahidi kwamba ukanda ulitengwa kwa ajili ya watu. Vikusanyeni wakati hakuna mgogoro. Kisha nendeni ofisi ya ardhi mkaulize maswali mawili. Je, ukanda huu una namba yake ya kiwanja na mipaka iliyopimwa, au umeachwa tu kama nafasi tupu kati ya barabara na nyumba? Na matumizi yaliyosajiliwa ni yapi leo? Ukikuta umeandikwa barabara pekee, ombeni kwa maandishi usajiliwe kama bustani, na mdai nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Likitoka tangazo la kubadilisha matumizi, someni namba za viwanja badala ya jina la mradi, kwa sababu jina huwa zuri kila mara. Na wekeni pingamizi mapema. Kwa kawaida siku huhesabiwa tangu tangazo lilipotolewa, hata kama ninyi mmeliona jana.