"Refa, hatua tatu hizo!" Dhana potofu kuhusu kutembea na mpira

Jioni yoyote ukipita kiwanja cha kikapu hapa Unguja, Mao au kwengine kokote wanakokusanyika vijana baada ya alasiri, kelele moja hukosi kuisikia: "Traveli hiyo, refa!", yaani mchezaji ametembea na mpira kuliko inavyoruhusiwa. Hupigwa na wachezaji wa timu iliyofungwa, hupigwa na mpita njia aliyesimamisha baiskeli yake kuangalia, hupigwa na watoto wa skuli waliokaa ukutani. Mara nyingi refa hajakosea. Waliokosea ni wale waliohesabu, kwa kuwa wameanza kuhesabu mapema.

Naandika haya kwa sababu ubishi huu unatuharibia mchezo. Kijana anafundishwa vizuri namna ya kumalizia mbio zake mpaka kapuni, kisha anazomewa kwa jambo la halali hadi analiacha. Na marefa chipukizi, kelele zikiwazidi, huanza kupuliza filimbi ili kuwaridhisha watu.

"Miguu imekanyaga mara tatu, basi ni kosa"

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na nyingine nyingi zimezaliwa humu. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinasema mchezaji aliyepokea mpira akiwa mwendoni, au aliyemaliza kudunda, anaruhusiwa hatua mbili za kusimama, kutoa pasi au kurusha. Sawa, hilo kila mtu analijua. Linalosahaulika ni kwamba hatua ya kwanza ni mguu unaogusa sakafu baada ya mpira kuwa umeshadhibitiwa. Mguu uliokuwa tayari chini wakati mpira unatua mkononi hauingii katika hesabu. Wachezaji wanauita hatua sifuri, na kanuni imesomeka hivyo tangu tarehe 1 Oktoba 2017. Kocha aliyesoma kanuni kabla ya hapo na asizirudie tena, bado anafundisha hesabu ya zamani.

Hebu tazama kwa karibu. Kijana anakuja mbio kutokea upande wa kulia, mpira umedunda mara ya mwisho na unapanda kwenye usawa wa paja lake. Mguu wa kulia uko chini, anauchota mpira kwa mikono miwili: sifuri. Wa kushoto unakanyaga: moja. Wa kulia: mbili. Anaruka, mpira unatoka mkononi. Aliyekaa ukutani ameona kulia, kushoto, kulia, na macho yake hayakumdanganya. Miguu imekanyaga mara tatu kweli, na mchezo ni halali.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Mpira unatua mikononi wakati miguu yote iko hewani, na ule wa kulia unafika chini baadaye kidogo. Hapo kulia ni moja, kushoto ni mbili, na kulia ukirudi tena chini na mpira bado mkononi, ni kosa. Miguu ni ileile na mpangilio ni uleule. Kilichobadilika ni wakati mpira ulipotulia. Ndiyo maana mwamuzi mzuri haanzi na miguu. Anauliza kwanza mkono: kudunda kumeisha lini? Akishapata jibu hilo, ndipo anashuka chini kuhesabu.

Wapo wanaodai kwamba uhuru huu ni upuuzi mpya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, uliotuambukiza. Si kweli. James Naismith alipoutunga mchezo huu Springfield, Marekani, mwaka 1891, kanuni zake 13 zilikataza kukimbia na mpira. Mchezaji alitakiwa kuutupa akiwa palepale alipoudakia. Lakini kanuni hiyohiyo ilimwachia nafasi yule aliyeudaka akiwa katika mbio kali, mradi ajitahidi kusimama. Mwili wa mtu anayekimbia hausimami papo hapo, na mtunzi alilijua hilo tangu siku ya kwanza.

"Kudunda kunaisha ukishika kwa mikono miwili"

Ni nusu ya ukweli. Kudunda kunaisha mikono miwili inapougusa mpira kwa wakati mmoja, hata kama ni mguso wa haraka. Lakini kunaisha pia mpira unapotulia katika mkono mmoja. Nusu hii ya pili ndiyo inayowaponyoka watu wengi, na ndiyo yenye kesi ngumu.

Mchukue mchezaji anayependa kumzuga beki. Anapunguza mwendo, anauinua mpira, kiganja kinaingia chini yake na mpira unakaa humo kidogo. Beki anadhani anataka kurusha, anasimama wima. Jamaa anaudundisha tena na kupita. Watazamaji wanashangilia. Kwa kanuni, kudunda kwake kuliisha pale mpira ulipokaa kiganjani, na alichofanya baadaye ni kudunda mara ya pili. Refa atapuliza, na ni haki yake. Wala urefu wa mpira hauhusiki. Utamsikia mtu akilalamika kwamba mpira umepita bega, kwa hiyo ni kosa. Hakuna kipimo cha bega wala kichwa; swali ni kama mpira umetulia au haukutulia.

Hapa nina neno kwa mabenchi yetu. Haiwezekani mchezaji wenu akibeba mpira, yaani akiutuliza kiganjani kisha akadunda tena, mseme haukutulia, kisha wa wenzenu akienda kapuni mseme ulitulia zamani. Mpira ukitulia, kudunda kumekwisha na hesabu ya hatua inaanza. Ukiwa haujatulia, hakuna kubeba na hakuna hatua ya kuhesabu. Chagua moja na uitumie pande zote mbili za kiwanja.

Kwa sababu hiyohiyo, kijana anayeusukuma mpira mbele yake na kuukimbilia hatua tano au sita kabla ya kuugusa tena hana kosa lolote. Maadamu mpira haugusani na mkono wake, hatua hazina kikomo.

Dhana inayokwenda upande wa pili

Tangu habari ya hatua sifuri ienee, umezuka upotofu mwingine, safari hii wa kujipendelea. Mchezaji anapokea pasi akiwa mbioni, anapiga hatua mbili zake, halafu ndipo anaanza kudunda. Anajitetea: "Yakhe, si tumeambiwa mbili?" Mbili ni za kusimama, za pasi au za kurusha. Aliyepokea pasi na anataka kuanza kudunda, lazima mpira uwe umetoka mkononi kabla ya hatua ya pili. Kosa hili naliona sana kwenye mashambulizi ya haraka, na marefa wetu wanaliachia kuliko inavyostahili, labda kwa kuwa halipigiwi kelele.

Aliyesimama naye asijisaidie na hatua sifuri. Ukiwa umesimama na miguu yote miwili chini, ukiinua mmoja, uliobaki ndio egemeo lako. Ukitaka kuanza kudunda, mpira utoke mkononi kabla egemeo halijainuka. Wengi wanaanza kwa kunyanyua kisigino na vidole pamoja, mpira ukiwa bado umekumbatiwa.

Kinyume chake, egemeo kuinuka si kosa kila mara. Mchezaji anaweza kuruka kutoka kwenye egemeo ili arushe au atoe pasi. Linalokatazwa ni mguu wowote kurudi chini kabla mpira haujamtoka. Kwa hiyo anayepiga "traveli!" mara tu anapoona egemeo liko hewani, amewahi. Angesubiri aone kitakachotangulia, mpira kutoka au mguu kutua. Kinachokatazwa pia, na watu hukipuuza, ni kukanyaga mara mbili mfululizo kwa mguu uleule baada ya kumaliza kudunda. Ule mruko wa mguu mmoja unaoonekana mzuri kwenye mazoezi ni kosa mtupu kwenye mechi.

Mawili ya haraka. Mpira ukikuponyoka baada ya kumaliza kudunda, unaruhusiwa kuukimbilia na kuuokota. Ila huwezi kudunda tena, isipokuwa mpira umemgusa au umeguswa na mchezaji mwengine. Na kuutupa mpira ubaoni kisha ukaudaka mwenyewe hakuhesabiwi kuwa ni kudunda.

"Ukianguka na mpira, umekwisha"

Viwanja vyetu vingi viko wazi, na msimu wa masika saruji huteleza. Mtu anaupiga mbizi mpira, anaukumbatia, anateleza nao mita nzima. Kiwanja kizima kinataka filimbi. Kuanguka na kuteleza na mpira ni halali, na kuudaka ukiwa umelala au umekaa ni halali vilevile. Kosa ni kujiviringisha nao, au kujaribu kusimama ukiwa umeushika.

Basi afanye nini aliyelala na mabeki watatu juu yake? Atoe pasi akiwa palepale chini. Anaweza kurusha. Anaweza pia kukaa akaanza kudunda, kama alikuwa hajadunda, na akiwa anadunda anaruhusiwa kuinuka, kwa sababu mpira hauko tena mikononi. Asipoteze muda kuomba taimauti, yaani mapumziko mafupi, kwa kelele kama anavyoona kwenye televisheni. Kwa kanuni za FIBA mchezaji haombi taimauti. Ombi ni la kocha mkuu au msaidizi wake wa kwanza, tena kupitia meza ya maofisa wa mechi, na haitolewi wakati timu yake inaushikilia mpira ulio hai.