Mbao kuukuu za sakafu: ni zipi, na kwa nini hazipigiliwi siku ileile zilipofika

Mbao kuukuu za sakafu ni mbao ngumu zilizokwisha kutumika mahali pengine, zikang'olewa, zikasafishwa na kupigwa randa upya ili zitandikwe katika nyumba nyingine. Huweza kutoka kwenye nyumba inayobomolewa, ghala, darasa la zamani, hata jahazi lililopandishwa pwani likaachwa. Huku kwetu zinazotafutwa ni mvule, mninga, mkongo na muhugu, ambao Kenya ulipata sifa kwa vile vipande vifupi vya sakafu vinavyopangwa mshazari. Mbao za palati, zile fremu za kubebea mizigo, hazimo katika kundi hili. Nyingi ni za msonobari, mti laini, hata muuzaji akizipaka rangi ya kahawia na kuapa.

Kwa nini mtu ahangaike na mbao zilizojaa misumari? Mvule mnene wa kupasua haupatikani ovyo siku hizi, na tangu 2023 mininga na mikongo ya Afrika imo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa. Isitoshe, miti iliyokatwa zamani ilikuwa mikubwa, kwa hiyo mbao zake aghalabu ni kiini kitupu: ile sehemu ya ndani yenye rangi nzito, ambayo bungua hawaipendi kama wanavyopenda nyeupe ya nje.

Kinachowaponza wengi ni kudhani kwamba mbao iliyokaa miaka 60 juu ya dari imeshakauka, basi haina cha kungoja. Mbao haifiki mahali ikasema imemaliza kukauka. Maisha yake yote hufyonza maji na kuyatoa kwa kufuata hewa inayoizunguka, iwe mpya au ya enzi za babu. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50, mbao hutulia ikiwa na maji yapatayo asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Hewa ikipanda hadi asilimia 80, jambo la kawaida Tanga au Mombasa wakati wa masika, hutulia kwenye 16 hivi.

Sasa chukua mbao zilizong'olewa Dodoma wakati wa kiangazi, uzilete Tanga na kuzipigilia siku hiyohiyo. Urefu wake hautabadilika kwa kiasi cha kukusumbua. Zitavimba kwa upana. Kupanda huko kwa unyevu kunaweza kuongeza karibu asilimia 1 ya upana, na kwenye chumba cha mita 4 hiyo ni sentimita 4 nzima. Ukuta hausogei, kwa hiyo sakafu inainuka katikati na kuacha uwazi chini yake. Ukifanya kinyume, ukapeleka mbao za pwani kwenye ukavu wa bara, zitasinyaa na kuacha nyufa zinazomeza sarafu. Mninga una nafuu, maana huvimba na kusinyaa kidogo kuliko miti mingi.

Ndiyo maana mbao hupangwa kwanza ndani ya chumba kilekile zitakamotandikwa, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite kati yake. Kama nyumba itakuwa na kiyoyozi, kiwashwe tangu wakati huo. Usihesabu siku, tumia mizani. Chagua vipande vitatu vinne, viandike namba kwa chaki na uvipime kila baada ya siku chache kwenye mizani ya gramu. Kipande cha gramu 560 kikishuka hadi 545, kisha 541, kisha kikabaki hapohapo kwa vipimo kadhaa, basi kimeshazoea hewa ya chumba. Hata hivyo, acha nafasi ya milimita 10 hadi 15 kuzunguka kuta zote. Ubao mwembamba unaopigiliwa chini ya ukuta utaifunika.

Zege litakalotandikiwa mbao nalo lina maji yake. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, ukizibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache usiku kucha na zaidi. Asubuhi ukikuta matone chini yake, au zege limekolea rangi, subiri.

Kusafisha mbao ni kazi ya sumaku na subira. Pitisha sumaku kila upande kabla ya randa, kwani msumari mmoja uliokatikia ndani unatosha kung'oa meno ya mashine. Kwenye mvule kuna jambo la ziada ambalo sumaku haiwezi kulikamata: baadhi ya magogo huwa na vijiwe vya chokaa ndani ya nyama ya mti, na meno ya msumeno huvigundua kwanza. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo vaa barakoa. Vipande vya zamani vyenye lami nyeusi mgongoni visipigwe msasa mkavu, kwa sababu baadhi ya gundi hizo zilichanganywa na asbesto. Mataruma ya reli yaliyolowekwa kreosoti, dawa nyeusi ya kuzuia mbao zisioze, yaache hukohuko nje. Hiyo ni sumu, na harufu yake haiishi.

Nunua zaidi ya eneo la chumba kwa asilimia 15 hadi 20, kwani nyingine zitapasuka na nyingine utazikuta zimebunguliwa. Matundu makavu ni historia tu, lakini yakimwaga unga mpya ukigongagonga, mdudu bado yumo. Tanzania, ulizia ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kuhusu hati za kusafirisha kabla hujapakia, na risiti ya muuzaji iwe mkononi.

Mwisho ni kupiga msasa, wa chembe kubwa kwanza kisha laini, halafu mafuta au vanishi. Binafsi napendelea mafuta: vanishi ikichubuka, mara nyingi utalazimika kukwangua chumba kizima, ila mafuta unapaka palepale palipochakaa.